Tawi Lako na Tawi Langu

Kabula mwanangu,

Umekwenda kwa mjomba wako Luhende kuaga, na namjua kaka yangu, hatakuachia mpaka akuchinjie jogoo na akuimbie nyimbo zake zote, hata zile ambazo watu walishamwomba aziache. Baba yako yuko uani anagonga plau. Meza nimeipata peke yangu na jua bado liko juu, basi ngoja nikuandikie, maana kwa mdomo tumeshindwa. Tangu tugombane, mimi na wewe, mayu na binti yake, tunasemeshana habari za mboga na maji tu. "Mayu, chumvi iko wapi?" "Iko kwenye kopo." Watu wazima wawili wanaoweza kuhutubia mnada mzima bila kipaza sauti, wakiingia ndani wanazungumzia kopo la chumvi. Aibu kweli.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kujifunika vizuri. Ulizaliwa pale Kolandoto ukipiga kelele mpaka nesi akacheka, na mpaka leo hujanyamaza, kwa hiyo najua ukiumwa utasema na ukiwa na njaa utasema. Nataka tuongee hili lililokaa katikati yetu. Kesho unakwenda machimboni, upande wa Geita, kufungua tawi la hicho chama chenu kipya, wewe ukiwa katibu wake. Mimi ni mwenyekiti wa tawi la chama chetu hapa kijijini tangu ulipokuwa unavaa sketi ya shule ya msingi. Na Jumamosi hii kiti changu kitawekwa mezani kwa sababu yako.

Hilo hukuwa unalijua, kwa hiyo nikueleze. Juzi ulipokwenda kisimani, Mwalimu Sitta alikuja. Ni katibu wangu, na ndiye aliyekufundisha kusoma, kwa hiyo usimchukie kabla hujamaliza kusoma hii barua. Aligoma kukaa. Akasimama hapo mlangoni na kofia yake mkononi.

"Mwenyekiti, wanachama wanauliza."

"Wanauliza nini, Mwalimu?"

"Wanauliza, mama na mtoto wanalala nyumba moja, wanakula sahani moja, sasa siri za chama zinabaki wapi?"

Nikamwambia, "Siri gani? Sisi tuna siri gani zaidi ya kwamba viti vyetu vya plastiki vimevunjika miguu?"

Hakucheka. Akasema Jumamosi kwenye mkutano wa tawi nisimame mbele ya watu niseme kwamba tawi halimtambui tena Kabula, kwamba mimi mwenyewe simuungi mkono, na kwamba asionekane kwenye shughuli yetu yoyote. Nikishindwa kusema hayo, watapiga kura niachie kiti. "Si mimi, Mwenyekiti," akasema, "ni wanachama." Nikamjibu nimesikia. Akaenda zake, na kofia hakuivaa mpaka alipofika barabarani.

Kile kiti nakipenda, nisikudanganye. Watu husema uongozi ni mzigo, sijui ni utumishi, mimi nakuambia nakipenda. Napenda mtu akinipita njiani aniamkie "Mwenyekiti, mwadila" hata kama ni wa chama kile kikubwa. Mimi niliyeishia darasa la saba, ninayeuza michembe, viazi vya kukausha, nikiingia ofisi ya kata wananivutia kiti. Kinaniuma kukifikiria mikononi mwa mtu mwingine. Basi ndivyo ilivyo, na nataka ujue kabla sijaendelea.

Sijui kama niliwahi kukusimulia vizuri nilivyoanza. Watu hudhani nilikuwa na itikadi. Itikadi gani! Nilikuwa na ndoo. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa tangu mvua zilizopita, tunakwenda kuchota bwawani na ng'ombe, nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikauliza itatengenezwa lini. Mzee mmoja wa mbele, sitamtaja maana keshatangulia mbele za haki, akageuka akaniambia, "Kaa chini wewe mama, kwani wewe ni wa chama gani?" Sikuwa na chama. Nilikaa chini kweli, nikajisikia vibaya mpaka nikashindwa kula. Asubuhi nikasema, kumbe kuuliza maji mpaka uwe na chama, basi ngoja nikitafute. Mnadani Didia kulikuwa na kijana anagawa vipeperushi vya hiki chama chetu, hakuna anayemsikiliza. Nikamwambia niandikishe. Yule kijana alishtuka kuliko mimi.

Nikaja kuelewa kwamba kuwa na chama bila watu ni sawa na kuwa na ndoo tu. Wa kwanza walikuwa mimi na wanawake wawili tuliokuwa tunauza pamoja. Mkoani wakatuambia tufanye uzinduzi, tupandishe bendera, tuite watu. Tukajiuliza watu wa huku wanaitwaje? Wanaitwa kwa ngoma. Na nani ana ngoma? Kaka yangu Luhende, manju, kiongozi wa ngoma ya Wagalu.

Ewe mwanangu, hapo ndipo nilipoharibu. Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka vumbi na soda. Luhende alikuja na kundi lake lote, wamepaka miili, wamevaa njuga, uwanja ukafurika mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Niliona watu, nikaona chama. Nilisimama kwenye kile kimeza nikasema "Hamjambo wanachama!" wakaitikia kwa kishindo. Usiku ule nililala nikiwa nimeshashinda uchaguzi.

Wiki iliyofuata niliitisha mkutano wa kawaida, bila ngoma. Walikuja watu wachache, na wote ni upande wetu, ukoo wetu na majirani wa ukoo wetu. Kitongoji cha ng'ambo ya mto hakuna hata mtoto. Nikamtuma mtu akaulize. Jibu likarudi moja: "Kile ni chama cha Wagalu. Sisi ni Wagika." Yaani nilikuwa nimezaliwa na kukulia hapa, najua kwamba kila mtu huku ana upande wake wa ngoma tangu kwa babu yake, najua kwamba Wagika na Wagalu wakikutana kiangazini baada ya mavuno ni mashindano mpaka watu wanapandisha mashetani, na bado nikachukua bendera ya chama nikaipandisha katikati ya ngoma ya upande mmoja. Mtu wa Dar angefanya hivyo ningesema hajui. Mimi nilikuwa najua, ila sikufikiri.

Na baba yako, kumbuka, ni Mgika. Siku ya uzinduzi hakuja. Alichukua ng'ombe akaenda nao mbali kuliko siku zote. Nilinuna nikidhani anaonea wivu uongozi wangu. Nilimnunia muda mrefu, nikampikia ugali mbichi makusudi. Baadaye kabisa ndipo akaniambia, "Mama Kabula, mimi sikukataa chama chako. Nilikataa kuchezeshwa na shemeji."

Sasa sikia nilivyorekebisha kosa. Ukisikia mtu amerekebisha kosa kwa kosa, ndiyo mimi. Mwaka uliofuata mgeni rasmi alikuwa anakuja kutoka mkoani, nikasema safari hii hakuna ubaguzi, nimeita ngoma zote mbili. Wagalu kulia, Wagika kushoto, meza kuu katikati. Nilijiona mjanja kweli. Lakini unajua mashindano yetu yanavyohukumiwa: hakuna jaji, anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi kwake. Basi mgeni aliposimama kuzungumza, manju wa ng'ambo akaongeza ngoma kidogo ili watu wasimsahau. Luhende naye hawezi kukubali, akaongeza. Watu wakakimbilia kulia. Mara Wagika wakatoa chatu, watu wakakimbilia kushoto. Mgeni wa watu na suti yake, jasho linamtoka, anazungumzia sera ya kilimo mbele yangu, mbele ya Mwalimu Sitta, na mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa kwenye mlingoti. Alipomaliza Mwalimu akapiga makofi peke yake. Hatukuletewa mgeni mwingine kwa muda mrefu sana.

Nacheka sasa. Wakati ule nililia, na baba yako ndiye aliyenikuta nalia kwenye ghala. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Wale watu ulioona pale si wako. Wamekuja na wenyewe, wameondoka na wenyewe." Akatoka akaenda kukamua.

Hilo ndilo jambo ambalo ningetaka ulibebe kuliko mengine yote, kwa sababu nililisahau nikaja kulirudia tena huko huko unakokwenda. Lakini kwanza nimalizie la hapa. Mwaka uleule wa ile fedheha niliacha mikutano. Nilivuka mto nikaomba kuingia kwenye kikundi cha kulima cha wanawake wa kule, wale Wagika. Walinitazama sana. Nililima nao majaruba yao msimu mzima, nikapalilia dengu zao, nikachekwa namna ninavyoimba, na habari za chama sikuzitia mdomoni hata siku moja. Nilikuwa nataka kuzitia! Kila tukikaa kunywa togwa ulimi unaniwasha. Nikanyamaza. Siku moja tukiwa tunaosha majembe, mama mmoja anaitwa Nyanzobe akaniuliza, "Hivi Mama Kabula, kile chama chako bado kipo?" Nikamwambia kipo, kinaumwa. Akasema, "Na kile kisima, mliuliza tena?" Hivyo tu. Yeye ndiye mweka hazina wangu mpaka leo, na ng'ambo ya mto sasa kuna wanachama wengi kuliko upande wangu. Hakuna aliyewaletea ngoma.

Na kisima tulikitengeneza, hilo unalikumbuka, ulishika koleo mwenyewe. Usichokikumbuka ni kwamba maji yalipotoka, wanachama wangu wakataka kufunga uzio, wasio na kadi yetu wasichote. Walisema tumefanya kazi sisi. Mwalimu Sitta naye alikuwa kwenye hilo. Nilikaa juu ya ile pampu kama kuku anayeatamia, nikawaambia atakayeweka uzio ataniwekea na mimi humo humo ndani. Wakaona huyu mama keshaanza, wakaacha. Mpaka leo yule mwenyekiti wa chama kikubwa anachota kwenye kisima changu na ananisalimia vizuri.

Sasa machimboni. Nilishawahi kupelekwa huko kabla yako, unajua, ulikuwa chuo. Mkoani walisema Mama Kabula amejenga kijijini, aende akajenge na kwenye dhahabu. Nilifikia kwa mama mmoja muuza chakula, Mama Zubeda, turubai tatu na masufuria makubwa. Nilishangaa yale maisha. Watu wa kila kabila, Wasukuma wenzetu, Wasumbwa, Wazinza, Waha, Wakurya, mtu anakuambia jina lake moja tu na hilo pengine si lake. Karasha zinasaga mawe mchana kutwa, ukitaka kuongea unapiga kelele. Nikauliza nani anasikilizwa hapa. Wakanionyesha mwenye duara mmoja, yaani mwenye shimo, vijana wake wengi, akikohoa wote wanageuka. Mzuri wa maneno, mkarimu, ananiita mama. Nikasema huyu ndiye mwenyekiti.

Kadi ziliisha siku ileile. Niliagiza nyingine zikaisha. Nilipiga simu mkoani nikasema huku ni mvua! Nikarudi nyumbani nimebeba kichwa juu, baba yako akaniuliza, "Ni wako au wana mwenyewe?" nikamwambia asinitie nuksi.

Mavuno hayajaisha, yule mwenye duara akagombana na vijana wake kwa mambo yao ya kugawana mawe. Waliomwacha wakakiacha na chama, maana kwao chama kilikuwa yeye. Halafu kukasikika rashi sehemu nyingine, dhahabu imeonekana kwenye shamba la mtu, na unajua rashi ikilia, hata wachungaji wanahama na waumini. Niliporudi nilikuta mashimo matupu na turubai zimeng'olewa. Bendera yetu ilikuwa bado inapepea, chini yake kuku wa mtu wanajitifua. Nilikaa kwenye jiwe nikajisonya mwenyewe. Luhende wa kwanza, Luhende wa pili, na mimi mwanamke mzima nimeingia palepale.

Kwa hiyo wakikuonyesha mtu ambaye akikohoa wote wanageuka, msalimie, mheshimu, kunywa naye chai, lakini kiti usimpe. Na usidanganyike na kadi kuisha. Mimi ningeanza na wale wanaogongea mawe kwa nyundo, wanawake na wazee, halafu ningekwenda kwa wenyewe wa mashamba, wakulima ambao ardhi yao imechimbwa na hakuna aliyewauliza kitu. Hao rashi ikilia hawana pa kwenda. Lakini mimi nilishindwa, wewe utaona mwenyewe, pengine mambo yamebadilika. Mama Zubeda alihamia karibu na unakokwenda, mtafute, mwambie ni binti wa yule mama wa kadi. Atakucheka, halafu atakupa pa kulala.

Nimezunguka sana. Nilikuwa naogopa kufika hapa, sasa nimefika.

Siku ile ya kura za maoni za udiwani. Ulikuwa umewashinda wote, kwa mkono wa watu, ng'ambo hii na ng'ambo ile, Wagika na Wagalu. Sijawahi kuwa na furaha namna ile tangu nikuzae. Halafu wale wa juu wakaja na gari, wakasema kwa maslahi mapana ya chama jina litakalokwenda ni la yule bwana wa mjini. Wakasema Mwenyekiti wa tawi aseme neno. Wewe ulikuwa umekaa benchi la mbele umenitazama. Nikasema, "Tudumishe umoja." Ndivyo nilivyosema. Sikukuangalia, niliangalia viatu vyangu.

Ulinigombeza sana siku chache baadaye, jioni uliyohama chama, na mimi nikakujibu maneno makali zaidi, nikakuita msaliti, nikasema umekosa shukrani. Yote nilisema kwa sababu nilikuwa najua ni nani aliyemsaliti nani. Nilikuwa nawaza kiti. Nilifikiri nikiwabishia wale wa gari watalivunja tawi, na miaka yangu yote ya kulima mashamba ya watu itapotea. Pengine wangelivunja kweli. Lakini ulikuwa umeshinda, Kabula, na mimi ndiye niliyehesabu mikono ile. Ningekuwa wewe ningehama siku ileile, na mlango ningeubamiza kwa nguvu zaidi. Nisamehe, mwanangu. Sisemi hivi ili ubaki. Nasema kwa sababu ni kweli.

Chama chenu sikipendi, usinielewe vibaya. Sera yenu ya pamba ni ya watu ambao hawajawahi kushika jembe, na yule kiongozi wenu anaongea mno. Nikikukuta jukwaani Didia nitapanda langu nikujibu, na nitakushinda, kwa sababu mimi nawajua watu wa pale kwa majina ya mbuzi wao. Hilo ujiandae nalo.

Lakini kukukana, hapana. Mchana huu nilimpelekea baba yako maji, nikamweleza ya Mwalimu Sitta. Alikuwa hajui. Aliendelea kugonga plau mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Mimi Mgika, wewe Mgalu. Tangu nikuoe, kila kiangazi tunatoka humu ndani pamoja, tukifika uwanjani kila mtu upande wake, unanizomea mbele za watu, na jioni tunarudi kwa njia moja. Sitta alikuwa wapi siku zote hizo asije kutuachanisha?" Nikacheka mpaka maji yakamwagika. Akanitazama akasema, "Mimi sicheki." Na kweli hakuwa anacheka.

Basi nimeamua, na nimeamua kabla Jumamosi haijafika ili nisipate muda wa kuangalia viatu. Nitawaambia wanachama kwamba Kabula ni mpinzani wetu, ni mpinzani hodari, tumemtengeneza wenyewe na tumemfukuza wenyewe kwa midomo yetu kufungwa, wangu ukiwa wa kwanza. Nitawaambia nyumbani kwangu ataingia saa yoyote. Baada ya hapo wapige kura yao. Wakiniacha kitini nitashukuru na kazi itaendelea. Wakiniondoa nitabaki mwanachama wa kawaida, nitakaa benchi la nyuma na nitauliza maswali mpaka watajuta. Itaniuma, nitalia, utasikia kwa baba yako. Usirudi kwa sababu hiyo. Ukirudi kunibembeleza nitakufukuza kwa mwiko.

Na jambo moja ninakuomba. Najua umepanga kuondoka na gari la alfajiri ili watu wasituone. Usiondoke nalo. Panda la saa nne, mnada ukiwa umejaa. Vaa fulana yako ya chama chenu, ile uliyoificha chini ya godoro ukidhani sijaiona, mimi nitavaa kitenge cha chama changu. Tutashikana mikono tupite kati ya wauza mbuzi na wauza mitumba, taratibu, tukisalimia kila mtu, mpaka kwenye gari la Kahama. Mwalimu Sitta siku za mnada hukaa pale kwa fundi viatu na wenzake wote wa tawi. Tutapita hapo hapo mbele yao. Utamwamkia shikamoo, maana ni mwalimu wako. Akiniuliza huyu ni nani, nitamjibu kwa sauti ya mkutano: huyu ni katibu wa chama pinzani, na nimemzaa mimi.

Wako,
mama yako Minza,
Mwenyekiti wa tawi mpaka Jumamosi.